Sayari ya Karibu Mno

Kakuma, 8 Juni 2025

Kaka yangu Losike,

Ejok. Nakusalimu kwa niaba ya Mama na ya mbuzi wote waliobaki. Sisi hatujambo. Joto ni lile lile. Mto Tarach ulijaa wiki iliyopita kwa muda mfupi, ukamchukua punda wa jirani, kisha ukakauka kana kwamba haukufanya kitu. Mama bado anauza makaa palepale karibu na lango la kambi ya wakimbizi, na wateja wengi ni wale Wasudani. Mama Akon anakusalimia sana. Anasema sauti yako redioni ni nzuri kuliko sura yako.

Utauliza kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Unanijua, kwenye simu maneno yananikwama. Tena simu ni ya Mama, naye akiwa karibu anasikia kila kitu. Barua hii anakuletea Santino, dereva anayeleta samaki wakavu kutoka Longech. Akirudi huko lazima apite Lodwar. Ukiinusa utajua ni yeye.

Tangu nimalize shule, asubuhi nashinda kwenye maktaba ya kambi. Anayeitunza ni dada mmoja Mkongo anayeitwa Monique. Ananiachia kompyuta, kisha ananitania: "Weye unasemaka na nyota kuliko na batu!" Ni kweli.

Nimesoma kuhusu sayari zinazozunguka nyota zao kwa karibu sana, karibu kuliko sayari yoyote inavyolizunguka jua letu. Nyota huivuta sayari ya namna hiyo mpaka kujizungusha kwake kunafungwa. Upande mmoja unaitazama nyota siku zote, kule ni mchana usioisha. Upande wa pili ni usiku usioisha. Sayari hiyo haiwezi kamwe kuigeuzia nyota yake mgongo. Nilipofika hapo nilifunga kompyuta, kwa sababu nilijiona mimi.

Losike, Mama haoni. Ulipokuja mara ya mwisho, miaka miwili iliyopita, alikuwa anafikicha macho tu. Sasa ukungu mweupe umefunika yote mawili. Anaona mwanga na kivuli, basi. Makaa anayapima kwa mikono. Mimi nasimama nyuma yake kidogo, na mtu akija namsalimu kwa sauti: "Ejok, Mama Akon!" Hapo Mama anajua ni nani, na anaendelea kuongea naye kama anamtazama. Watu wanasema nimechangamka siku hizi. Mimi, Losike!

Hospitali hataki kwenda, kwa sababu hospitali ina foleni na foleni ina watu. Unakumbuka alivyomwambia baba mdogo Lokaale baada ya kumzika Baba: kwamba hatarithiwa, wala hataenda kukaa kwake Kalemng'orok, kwa sababu ana mikono na macho yake. Baba mdogo akajibu, "Sawa. Siku macho yakishindwa, nitakuja kuichukua nyumba ya kaka yangu." Alisema macho, nilikuwepo.

Jana yule mbuzi mweusi wa tumbo jeupe, ambaye baba mdogo alimpa Baba, alilala mlangoni kukimbia jua. Mama alimkanyaga, wakaanguka wote wawili. Mama alicheka mpaka akakohoa, akasema, "Mbuzi huyu ni kipofu, hanioni ninapita!"

Nakuomba mambo mawili. Njoo, hata kwa siku moja. Na usimwambie mtu.

Mdogo wako,
Akiru

Lodwar, 21 Juni 2025

Akiru mdogo wangu,

Ejok, ejok sana! Barua ilinuka hivi kwamba paka wa hapa studio aliifuata mpaka mezani. Mimi mzima. Kazi ni nyingi, umeme unakatika, jenereta inakohoa kuliko Mama. Wavuvi wa kule Kalokol wanapiga simu kila siku kunicheka kwamba natamka majina ya samaki kama mtu wa Nairobi. Mwambie Mama Akon sura yangu haijawahi kukosa mteja.

Sasa wewe. Kumbe una maneno ya namna hii na umekaa nayo kimya miaka yote? Sayari isiyoweza kuipa nyota mgongo! Nilisoma mara tatu. Niandikie zaidi, hivyo hivyo, usipambe. Kipindi changu cha Jumamosi kina kiu ya vitu kama hivi. Wazee wetu walijua nyota za mvua na za kuhama, lakini hii hawakuisikia.

Kuhusu Mama, nimesoma. Mpe pole bila kumwambia kuwa nimempa. Mwezi huu nimebanwa, ujao tutaona. Siku hizi ni lami tupu kutoka hapa hadi Kakuma, nikitoka asubuhi nafika chai haijapoa. Kwa hiyo usihofu.

Kaka yako,
Losike

Kakuma, 13 Julai 2025

Kaka Losike,

Ejok. Hatujambo. Upepo umeezua bati moja la jikoni, nimelirudisha na kuliwekea mawe. Mbuzi mmoja amezaa. Chai imepoa mara nyingi na hujafika. Sikulaumu, nakuarifu tu.

Nina habari. Nimepangiwa chuo kikuu Eldoret, kusoma Fizikia. Natakiwa kuripoti mwanzoni mwa Septemba. Monique aliposoma jina langu kwenye kompyuta alipiga kelele, akanishika mikono na kunizungusha mbele ya wasomaji wote, nami nilitaka ardhi inimeze. Mama sijamwambia.

Umeomba nyota. Mwezi huu nimesoma jambo jipya, limetangazwa juzi tu. Mimi nilidhani nyota ndiyo inayoitesa sayari na sayari inavumilia. Kumbe sayari nayo inaitikisa nyota. Ukimfunga mwanambuzi kwenye kigingi, anazunguka kwa sababu ya kigingi, lakini kigingi nacho kinalegea kwa sababu yake. Kuna nyota moja changa, mbali sana, ambayo sayari yake inaizunguka kwa juma moja. Wanasayansi wanaona kwamba sayari hiyo inaigusa sumaku ya nyota, na kila inapopita inaamsha milipuko ya moto. Milipuko hiyo inairudia sayari yenyewe na kuichuna hewa yake. Baada ya miaka mingi sana itakuwa imebaki ndogo. Hakuna aliyeileta adhabu hiyo ila ukaribu wake.

Losike, ndivyo tulivyo. Nikimshika Mama mkono njiani, ananisukuma: "Mimi ni mgonjwa?" Nisipomshika, anajikwaa, kisha analia kwamba nimemwacha. Juzi nilimuuliza tu Eldoret ni mbali kiasi gani. Alimwaga maji yote ya kunawa akasema, "Nendeni. Wote mna miguu." Mimi ndiye ninayeuwasha moto wake, na moto huohuo ndio unaoniunguza mimi.

Nitaandika jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mungu nimemzungukia tu. Nimechoka kuwa macho ya mtu. Kuna asubuhi ninaposikia ananiita, najifanya nimelala.

Ukimaliza kusoma, ichome barua hii. Na uje, tumwambie pamoja kuhusu chuo. Labda ukiwepo atakubali kwenda kutibiwa.

Akiru

Kakuma, 3 Agosti 2025

Losike,

Salamu nitakupa mwishoni kama zitabaki.

Hukujibu barua yangu. Nilidhani gari la Santino limeharibika. Kisha Jumamosi ile, Julai tarehe ishirini na sita, Mama Akon alikuja na redio yake ndogo akaiweka juu ya gunia. Mama akasikia sauti yako. Aliwaambia wateja wote, "Huyo ni wangu. Nilimzaa kiangazi, ndiyo maana anaongea bila kukauka." Watu wakacheka. Nami nilicheka.

Ukasema kuna nyota na kuna sayari. Uliisimulia kwa Kiturkana kizuri kuliko nilivyoandika mimi, na nilisikia fahari, siwezi kukuficha. Kisha ukasema, "Sasa niwaambie, nyota hiyo ni mama mmoja, na sayari ni binti yake. Majina tuyaache." Ukasema mama haoni lakini anajifanya anaona. Ukasema binti anawasalimu watu kwa sauti. Halafu ukawafurahisha wasikilizaji kwa mbuzi mweusi wa tumbo jeupe, sikio la kushoto limekatwa mara mbili, aliyelala mlangoni akakanyagwa. Mikono ya Mama ilisimama ndani ya makaa. Mama Akon, ambaye Kiturkana chake ni cha sokoni, alikuwa bado anacheka.

Mwisho ukasema kwa sauti ile ya Jumamosi, "Nimechoka kuwa macho ya mtu."

Mama aliniuliza, "Ulimwambia nani?" Nikasema, "Losike." Akasema, "Nilidhani ninawaficha watu wa nje." Akaendelea kupima makaa.

Jumanne baba mdogo Lokaale akafika na gari la kukodi. Hakuja kwa ugomvi. Alikaa, akanywa maji, akasema, "Shemeji, nimesikia habari za nyumba yangu redioni."

Mama akajibu, "Redio imekuwa mchungaji wa mbuzi siku hizi?"

"Angalau redio inatusalimia. Nyinyi huku mmekaa kimya."

"Tukiwa kimya ni kwamba tumeshiba."

Baba mdogo akacheka. Akatoa tumbaku, akaiweka katika kiganja, akanyoosha mkono mbele ya Mama bila kusema neno. Unajua Mama anavyopenda tumbaku. Mkono ule ukabaki pale hewani, na Mama anaendelea kuongea habari za mvua. Niliona baba mdogo anaanza kuhuzunika. Mimi nikashindwa kuvumilia, nikasema, "Mama, baba mdogo anakupa tumbaku."

Nilidhani ninamsaidia. Kumbe nilimaliza kila kitu. Kama anaona, kwa nini aambiwe? Baba mdogo akaiweka tumbaku mapajani mwake taratibu, akasema, "Basi. Nitarudi mwezi ujao."

Ulificha majina yetu ukaacha mbuzi. Losike, majina ya Akiru yako mangapi Turkana? Mbuzi yule ni mmoja, na sikio lake lina alama ya kisu cha ukoo wetu. Ni heri ungetaja jina langu.

Ulisahau vipi?

Salamu hazikubaki.

Akiru

Lodwar, 14 Agosti 2025

Mdogo wangu Akiru,

Ejok. Natumaini mko salama na kwamba bati la jikoni halijaruka tena. Hapa kuna vumbi jingi na homa za macho, hata mimi nimetumia dawa.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na sijakaa bado. Nisamehe. Nilisahau. Mimi sasa ni mtu wa studio, siku zinapita sijamwona mbuzi ila kwenye sahani. Mdomo ukichangamka mbele ya maikrofoni hauulizi ruhusa. Nilidhani nikiacha majina nimeacha kila kitu.

Lakini ujue pia kwamba watu walipiga simu wakilia. Mwanamke mmoja wa Lokichar alisema amempeleka mama yake hospitali siku ileile. Maneno yako yamefanya kazi, Akiru. Labda kosa langu lina faida yake. Baba mdogo si mtu mbaya, na kule Kalemng'orok kuna watu wengi wa kumshika Mama mkono.

Nimebanwa mwezi huu. Hongera kwa chuo, nilisahau kukupa.

Losike

Kakuma, 24 Agosti 2025

Losike,

Ejok, kwa sababu Mama alitufundisha kusalimu hata tukiwa na hasira. Mimi mzima wa mwili. Mbuzi hawapo tena hapa, kwa hiyo sina habari zao.

Mama amekwenda. Baba mdogo alirudi Alhamisi na gari na wanawe wawili. Mama hakubishana. Aliomba aachwe peke yake ndani, nikamwona kupitia mlangoni akipapasa kuta zote nne, polepole, kama mtu anayepaka udongo. Akatoka. Nikataka kumshika mkono, akamshika mtoto wa baba mdogo.

Nilimwambia, "Mama, sikujua kama atasema redioni. Nilimwomba asimwambie mtu." Akasema, "Maneno yalikuwa yako. Nayajua maneno yako tangu hujaota meno." Tangu Jumamosi ile hajaniita jina langu.

Walipokuwa wanafunga mizigo, baba mdogo alinivuta pembeni. Alitaka kunifariji, hakuwa na nia nyingine. Akasema, "Usilie. Mshukuru kaka yako, ana akili. Alinipigia simu ile Ijumaa akaniambia, Baba, kesho usikose kipindi changu, kuna jambo la nyumbani."

Niliomba arudie. Akarudia.

Kwa hiyo hukusahau mbuzi. Nilikuwa nimeanza kukusamehe kwa ajili ya mbuzi. Nilijiambia, ni mtu wa mjini, amepotea njia ya kwao, siyo kosa lake. Kumbe ulimweka mbuzi pale kama mtu anayeweka jiwe kwenye njia panda, ili mwenye kumfahamu amfahamu. Hata sikio! Mimi kwenye barua sikuandika habari ya sikio. Lile ulilitoa kichwani mwako mwenyewe.

Ulikuwa na simu. Ungeweza kumwambia baba mdogo kwa maneno mawili. Ulitaka ajue bila wewe kuwa uliyesema, ukatumia mdomo wangu. Mimi ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani naona haya, ulinifanya niseme mbele ya Turkana nzima kwamba nimemchoka mama yangu.

Sayari za mbali hazichunwi na milipuko. Zinazunguka taratibu kwenye baridi na kutazama. Ndiyo maana barua zako zote zina vichekesho.

Nijibu jambo moja tu. Ulimpigia?

Akiru

Lodwar, 30 Agosti 2025

Akiru,

Ndiyo.

Niliona ungebaki pale langoni ukisalimu watu kwa sauti mpaka nywele ziwe nyeupe, na chuo kikupite. Au ungeondoka, na Mama angeniita mimi nirudi. Ningemwambia baba mdogo moja kwa moja, angeniuliza, "Na wewe mwanawe mkubwa uko wapi?" Swali hilo nililiogopa, na bado naliogopa.

Basi lako litapita hapa. Nitakuwa stendi na blanketi. Eldoret kuna baridi usiyoijua.

Losike

Eldoret, 14 Septemba 2025

Kaka Losike,

Nakusalimu. Nimefika na nimesajiliwa. Baridi ni kama ulivyosema. Nalala chumba kimoja na msichana wa Bomet anayeimba akiwa usingizini. Mihadhara imeanza, na mwalimu wa kwanza aliuliza nani anatoka mbali zaidi. Sikunyoosha mkono.

Nilikuona stendi ya Lodwar. Ulikuwa umevaa shati la buluu, blanketi umelikumbatia, unachungulia dirisha baada ya dirisha. Niliinama kama natafuta kiatu mpaka basi likaondoka. Hilo nilitaka ulijue kutoka kwangu.

Nilishuka Kalemng'orok, nikalala hapo. Mama alikuwa amekaa kivulini mbele ya nyumba ya mke wa baba mdogo. Amenenepa kidogo. Wanamtunza, siwezi kusema uongo. Nilisimama mbele yake nikasema, "Ejok, Mama. Ni mimi, Akiru."

"Ejok."

"Naenda chuoni, Mama. Eldoret."

"Cha nyota?"

"Ndiyo."

Akageuza uso kuelekea mlangoni, akaita kwa sauti, "Mleteeni mgeni chai."

Wakaleta kikombe na sahani yake, kile cha kuwekea wageni. Mama akaniuliza kama njia ilikuwa na vumbi. Nikasema kidogo. Akauliza kama kule nilikotoka mvua imenyesha. Nikasema bado. Maswali yote yalikuwa ya heshima, kama anavyoulizwa mchungaji wa kanisa akipita. Nilijibu yote na nikamaliza chai.

Kuna jambo ambalo sikuwahi kukuandikia. Kope zake huota kuelekea ndani na kumchoma mboni. Miaka miwili, kila asubuhi, alilaza kichwa mapajani mwangu, nikazing'oa kwa kibanio moja moja. Pale Kalemng'orok niliziona zimeota tena, na machozi yanamtoka bila kulia. Hakuna anayejua kazi hiyo. Nilitaka kuomba kibanio, lakini mgeni haombi kibanio.

Nimesoma mengi kuhusu nyota inavyoibadilisha sayari yake, na sayari inavyoitikisa nyota. Sijapata popote palipoandikwa nyota inakuwaje siku sayari ya karibu ikiondoka. Nikipata sitakuandikia wewe, kwa sababu sijui utamsomea nani.

Huna haja ya kuniomba msamaha tena, na blanketi mpe anayelihitaji. Kutoka Lodwar hadi Kalemng'orok si safari ndefu kwa mtu mwenye nia. Nenda ukae chini mbele ya Mama. Mwambie ulimpigia nani simu, Ijumaa ile, na kwa nini. Umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, bila nyota wala sayari. Kisha mwombe akuruhusu umtoe kope.

Akiru